MANYAPARA WA JENI
Protini moja inayojenga jicho na ubongo, na kwa nini nusu yake haitoshi



Sisi tunaosoma bayolojia na udaktari huku ughaibuni tuna tatizo moja la kuchekesha. Darasani tunamwaga Kiingereza, mtihani tunafaulu, lakini shangazi akipiga simu na kuuliza, "Hivi mwanangu, huko unasoma nini hasa?", ulimi unakuwa mzito. Na ukishataja tu neno bayolojia, simu za nyumbani zinageuka kliniki. Siku moja utaulizwa habari za mtoto aliyezaliwa macho yake yakiwa meusi tupu, hayana ile duara ya rangi inayozunguka mboni, anakwepa jua, macho yanachezacheza hayatulii, na mtaani watu wameshaanza kusema yao. Hapo ndipo elimu inapopimwa.

Safari hii basi tuchukue somo ambalo wengi wetu tunakutana nalo chuoni, na ambalo linafika mpaka kwa mtoto huyo: protini zinazoshika DNA na kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi ilale, hasa wakati ubongo na neva zinapojengwa. Ziko nyingi. Katika orodha iliyotolewa mwaka 2018 binadamu alihesabiwa kuwa nazo 1,639, ndani ya jumla ya jeni zetu za kutengeneza protini zipatazo 20,000. Siwezi kuzigusa zote, na hata ningeweza mhariri asingenipa kurasa. Nitaishika moja, PAX6. Ukiielewa hii, nyingine utazisoma mwenyewe bila kusukumwa.

Nyapara ni nani

Seli ya ini, seli ya ngozi na seli ya ubongo zote zina DNA ileile, herufi kama bilioni 3 kutoka kwa mama na bilioni 3 kutoka kwa baba. (Acha zile chache za ajabu, kama chembe nyekundu za damu zilizokomaa, ambazo hazina kiini kabisa.) Ukiinyoosha DNA ya seli moja unapata kama mita 2, nayo imekunjwa ndani ya kiini ambacho hukioni bila darubini. Kama DNA ni ileile, kwa nini ini halifikiri na ubongo hautoi nyongo? Jibu ni kwamba kila aina ya seli imewasha jeni zake na kuzima nyingine.

Chukua kiwanja cha ujenzi. Tofali zipo, saruji ipo, mafundi wamefika. Halafu yupo nyapara, ambaye yeye mwenyewe hapangi tofali hata moja, kazi yake ni kusema leo nani anafanya nini na wapi. PAX6 ni nyapara. Haimo katika vitu vinavyoifanya lenzi ya jicho ing'ae, wala si ile kemikali ya retina inayonasa mwanga. Inachofanya ni kwenda kusimama juu ya DNA, karibu na jeni fulani au hata mbali nayo, na kuiita mashine ya kusoma jeni, yaani RNA polimerasi, ije ianze kazi. Wakati mwingine inaifukuza.

Si kila nyapara ni wa kuamsha watu. Yupo mmoja anaitwa REST, aliyeelezwa na maabara mbili mwaka 1995, na kazi yake kubwa ni kunyamazisha. Katika seli zisizo za neva REST hukaa juu ya jeni za neva na kuzifunga mdomo, na seli inapokuwa nyuroni ndipo REST hupunguzwa na jeni zile zikaachiwa. Yaani kuwa nyuroni si kuwashwa tu, ni kufunguliwa pia.

Protini inasomaje DNA bila kuifungua?

Hapa ndipo wengi wanaparuka haraka, na hapa ndipo penye utamu. DNA ni kama ngazi iliyosokotwa, na herufi A, T, G na C ziko ndani kama vipandio vya ngazi. Ungedhani lazima uipasue ngazi katikati ili uone herufi. La. Kwa sababu imesokotwa, nje yake kuna mifereji miwili inayoizunguka, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Ndani ya ule mpana kingo za herufi zinachungulia nje, na kila jozi ya herufi ina mpangilio wake wa chaji ndogondogo. Protini huingiza kipande chake kilichojisokota kama springi ndani ya mfereji na kupapasa kingo zile, kama vile asiyeona anavyosoma breili kwa ncha za vidole.

Kipande maarufu cha namna hiyo ni homeodomeni. Kiligunduliwa mwaka 1984 na maabara mbili kwa wakati mmoja, ya Walter Gehring kule Basel, Uswisi, na nyingine ya Indiana, Marekani. Kina asidi amino 60, zilizojikunja kuwa springi 3, na ile ya 3 ndiyo inayoingia mferejini. Homeodomeni nyingi hupenda herufi 4 hizi: TAAT.

Sasa tupige hesabu. Herufi 4 maalumu zikifuatana kwa bahati tu zitatokea mara 1 katika kila herufi 256. Gawa bilioni 3 kwa 256: unapata zaidi ya milioni 11, tena kwa kusoma upande mmoja wa ngazi. Nyapara anayekwenda popote penye TAAT angesimama mahali milioni 11! Huyo si nyapara, ni mpita njia. Ndiyo maana mwanafunzi anayeandika kwenye mtihani kwamba "protini inatambua mfuatano wake na kuwasha jeni" amesema kweli, ila nusu tu.

PAX6 inajitoa katika tatizo hilo kwa njia mbili. Kwanza ina mikono miwili: homeodomeni, na kipande kingine kikubwa zaidi cha asidi amino 128, ambacho ndicho kilichoipa familia yote ya PAX jina lake. Anwani inayohitaji kushikwa na mkono mkubwa hivyo ni ndefu, na anwani ndefu ni adimu. Pili, haitembei peke yake. Mfano uliochunguzwa sana ni wa jeni moja ya kristalini, protini inayojaza lenzi, katika kiinitete cha kuku. Pale PAX6 na mwenzake SOX2 wanakalia DNA bega kwa bega. Ukimweka mmoja bila mwenzake, jeni inasinzia. Wakikaa wote wawili, inaamka.

Hilo linaeleza pia jambo ambalo huwashangaza wengi: PAX6 hufanya kazi hata kwenye kongosho, katika seli zinazotoa insulini na glukagoni. Jicho na sukari wapi na wapi? Nyapara ni yuleyule, kampani ndiyo tofauti.

Inzi mwenye macho miguuni

Mwaka 1915 Mildred Hoge alieleza inzi wa matunda waliozaliwa na macho madogo au bila macho kabisa. Jeni ile ikaitwa Eyeless, yaani asiye na macho. Watu wa inzi wana tabia hii ya kuita jeni kwa jina la hasara inayotokea ikiharibika, na inachanganya sana wanafunzi. Ni kama kumwita mpishi "Njaa" kwa sababu siku asipokuja watu wanashinda na njaa. Kumbuka tu: jeni ya Eyeless ikiwa nzima ndiyo inayosaidia kutengeneza macho.

Mwaka 1994 kundi la Gehring liliisoma jeni hiyo herufi kwa herufi, na walichokuta kiliwatikisa watu. Ilikuwa ndugu wa PAX6 ya binadamu na Pax6 ya panya. Jicho la inzi ni mamia ya vijicho vilivyopangwa kama sega la nyuki, letu ni kama kamera, na kwenye vitabu ilikuwa imeandikwa kwamba macho haya yalijitokeza kila moja kivyake. Mwaka uliofuata, 1995, walifanya jambo ambalo picha yake ukiiona hutaisahau. Waliiwasha Eyeless mahali pasipo pake, kwenye chipukizi za mabawa, miguu na papasi, na inzi wakaota macho humo. Macho mekundu, yenye vijicho vyake, juu ya mguu. Halafu wakatia jeni ya panya badala ya ile ya inzi. Inzi akaota jicho tena, na lilikuwa jicho la inzi, wala si la panya.

Hilo la mwisho ndilo la kulitafuna polepole. Protini ya panya ilitoa amri, "hapa pajengwe jicho", na mafundi wa inzi wakajenga jicho wanalolijua wao. Kwa hiyo kusema PAX6 ni "jeni ya jicho", kana kwamba ramani ya jicho imeandikwa ndani yake, si sawa. Na tukumbuke kuwa retina yenyewe ni kipande cha ubongo. Katika kiinitete, ubongo wa mbele hutoa vifuko viwili pembeni, vifuko hivyo hujibonyeza kuwa vikombe, na vikombe hivyo ndivyo vinavyokuwa retina. Ukisoma habari za jicho unasoma habari za mfumo wa neva.

Kwa nini nusu haitoshi

Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni ya PAX6, moja ya mama na moja ya baba. Kwa jeni nyingi, hasa za vimeng'enya, nakala moja ikiharibika nyingine inabeba mzigo na mtu haoni tofauti. Kwa PAX6 sivyo. Mwaka 1991 ndipo ilipojulikana kuwa hii ndiyo jeni inayoharibika katika aniridia, hali ya kuzaliwa bila irisi au ikiwa imebaki kidogo tu. Inampata kama mtoto 1 kati ya 40,000 hadi 100,000. Nakala moja ni nzima kabisa, inatoa protini nzuri kabisa, na bado irisi haijengeki.

Sababu iko kwenye ushikaji wenyewe. Anwani za DNA hazilingani. Zipo zinazomshika nyapara kwa nguvu, hizo hata wakiwa wachache zitapata mtu. Nyingine zinamshika kwa ulegevu, anakuja anaondoka, na hazijai mpaka manyapara wawe wengi. Protini ikipungua nusu, za kwanza haziumii sana, za pili zinabaki tupu. Na ukingo wa kile kikombe cha jicho, pale irisi inapotoka, ni miongoni mwa sehemu zisizovumilia upungufu huo.

Panya alionesha ngazi nzima. Akikosa nakala moja anazaliwa na macho madogo. Akikosa zote mbili hana macho wala pua, ubongo umejengeka vibaya, na anakufa mara tu baada ya kuzaliwa. Halafu watafiti wa Edinburgh (wenzetu mlioko Scotland, mji wenu huo una historia ndefu na jeni hii) mwaka 1996 wakawapa panya nakala za ziada. Utadhani wakaona vizuri zaidi! Hapana, macho yao nayo yakaharibika. Ni kama chumvi kwenye mchuzi. Kosa lolote, la kupungua au la kuzidi, linaonekana.

Kuna kisa kingine kinachofaa kuandikwa kwenye daftari. Zipo familia ambazo wagonjwa wao PAX6 yao ilisomwa herufi zote ikakutwa nzima. Kumbe kromosomu ilikuwa imevunjika mbali, zaidi ya herufi 100,000 kutoka kwenye jeni, ndani ya jeni jirani iitwayo ELP4. Humo ndimo zilimo swichi za mbali za PAX6, yaani mahali ambapo manyapara wengine husimama ili kumwamsha nyapara huyu. Ukizitenga swichi na jeni yake, jeni nzima inalala. Kwa hiyo maabara ikikujibu "jeni haina kasoro", swali linalofuata ni je, waliangalia jirani?

Mafahali wawili kwenye uti wa mgongo

Tutoke kwenye jicho. Mwishoni mwa wiki ya 4, bamba la seli mgongoni mwa kiinitete huwa limeshajikunja kuwa bomba, na bomba hilo ndilo ubongo na uti wa mgongo wa kesho. Chini yake kuna kamba iitwayo notokodi, inayotoa protini ya ujumbe, Sonic hedgehog. (Ndiyo, jina limetoka kwa yule nungunungu wa bluu wa michezo ya video. Nimeshasema tabia za watu wa inzi.) Ujumbe huo ni mwingi chini na unapungua kadiri unavyopanda, kama harufu ya samaki wa kukaanga inavyofifia ukiliacha jiko.

Seli zinazounusa kwa wingi zaidi zinawasha nyapara aitwaye Nkx2.2. Zilizo juu yake kidogo zinabaki na PAX6. Lakini harufu haina mstari, inafifia polepole, sasa mpaka mkali kati ya makundi haya mawili unatoka wapi? Wahenga walishamaliza: mafahali wawili hawakai zizi moja. Nkx2.2 inaizima PAX6, na PAX6 inaizima Nkx2.2. Seli iliyoko katikati, yenye vyote viwili kidogo kidogo, haiwezi kudumu hivyo. Mmoja atamzidi mwenzake kwa unywele tu, halafu ndiye mshindi wa jumla. Hivyo mteremko usio na alama unageuzwa kuwa mpaka unaoonekana. Kundi la Columbia, New York, lilionesha mwaka 1997 kwamba katika panya wasio na Pax6, eneo la Nkx2.2 linapanda juu na kula nafasi ya jirani. Nyuroni zilizotakiwa kutoka pale hazitoki, zikiwemo zile za neva inayoendesha ulimi.

Kwenye gamba la ubongo PAX6 imo pia, ndani ya seli mama zinazozaa nyuroni. Mwaka 2002 watafiti waliitia kwenye seli za aina ya astrosaiti, ambazo ni wasaidizi wa nyuroni, zikiwa kwenye sahani ya maabara. Baadhi zikageuka nyuroni.

Haya si ya panya tu. Watu wenye aniridia walipopigwa picha za ubongo za MRI, wengi wao walionekana kuwa na upungufu kwenye kijidaraja kimoja cha mbele kinachounganisha pande mbili za ubongo, na baadhi hawanacho kabisa. Wengine uwezo wa kunusa umepungua. Na watoto wenye hitilafu ya PAX6 waliochunguzwa London, matokeo yakatolewa mwaka 2007, masikio yao yalipimwa yakawa mazima, ila kuelewa maneno penye kelele na kujua sauti inatoka wapi vilikuwa vinawapa shida. Hebu fikiria darasa la watoto 70 au 80. Mtoto haoni ubaoni, na mwalimu anasema hasikii kwa makusudi. Huyu akae mbele, tena upande usio na dirisha la jua, na aitwe kwa jina kabla ya kuulizwa.

Jirani wa kwenye kromosomu ya 11

Nimeliweka hili mwisho kwa sababu ndilo zito.

Mwaka 1964 daktari Robert Miller na wenzake, Marekani, walipitia majalada ya watoto 440 waliougua saratani ya figo iitwayo Wilms. Watoto 6 kati yao hawakuwa na irisi. Wawili watatu unaweza kusema bahati mbaya, lakini kwa hali inayompata mtoto 1 kati ya makumi ya maelfu, 6 kati ya 440 si bahati. Jicho na figo vina uhusiano gani?

Jibu lilikuwa ujirani. Kwenye mkono mfupi wa kromosomu ya 11, PAX6 inakaa karibu na jeni nyingine iitwayo WT1. Kipande cha kromosomu kikikatika na kupotea pale, vinaweza kupotea vyote viwili pamoja, kama mafuriko yanavyochukua nyumba mbili zilizopakana. Na WT1 naye ni nyapara, protini inayoshika DNA, ila ya kundi lingine, lenye vidole vinavyoshikiliwa na madini ya zinki. Ilipatikana mwaka 1990, mwaka mmoja kabla ya PAX6, watu wakichimba eneo lilelile.

Sasa linganisha. PAX6 ikipungua nusu, irisi haijengeki, hakuna kusubiri. WT1 ikipungua nusu, figo hujengeka, na kwa wavulana huenda korodani zikachelewa kushuka au njia ya mkojo ikawa na kasoro, ila saratani bado. Ili saratani ianze, nakala ya pili ya WT1 lazima ipotee pia ndani ya seli moja ya figo inayokua. Haya ndiyo yale "mapigo mawili" ambayo Alfred Knudson aliyaeleza mwaka 1971 kwa saratani ya retina. Mtoto aliyezaliwa na upungufu huu ameshapigwa pigo la kwanza katika kila seli, na seli za figo ni nyingi. Ndiyo maana kati ya watoto waliopoteza kipande kizima, karibu nusu hupata Wilms, wengi wakiwa bado wadogo sana, hawajaanza hata shule.

Kwa hiyo macho ya mtoto yanaweza kuwa yanasema habari za figo zake, na anayejua kuyasoma ana nafasi ya kuwahi. Aniridia nyingi, kama theluthi mbili, ni za kurithi. Mzazi mmoja anayo, na kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu. Hapo mara nyingi jeni moja tu ndiyo yenye kasoro ndogo na figo haziko hatarini kuliko za mtoto mwingine. Theluthi iliyobaki ni za mtoto wa kwanza kwenye ukoo, wazazi wote wana macho yao kamili, na humo ndimo wanamopatikana waliopoteza kipande. Hakuna aliyekula kitu kibaya wala kumwangalia mtu vibaya. Kromosomu imekatika wakati wa kutengeneza yai au mbegu, basi.

Kipimo cha kromosomu kinachoonesha kama WT1 ipo au haipo hakipatikani kila mji, na kilipo ni ghali. Lakini altrasaundi ipo mahali pengi. Taratibu zinazofuatwa ni hizi: mtoto mwenye aniridia ambaye haijathibitishwa kuwa WT1 yake ni salama apigwe altrasaundi ya tumbo kila miezi 3 mpaka afikishe angalau miaka 7. Miezi 3, si mwaka, kwa sababu uvimbe huu unakua haraka. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 85 kati ya 100 wenye Wilms hupona. Kwetu wengi hufikishwa hospitali tumbo limeshajaa, dawa ni zilezile lakini muda umepita. Katikati ya vipimo, mama anayemwogesha ndiye wa kwanza kugundua. Akihisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo asikibonyezebonyeze, ampeleke hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mkojo ukiwa na damu.

Macho yenyewe yasisahauliwe. Irisi ni sehemu tu ya tatizo. Katikati ya retina hapajakomaa, kwa hiyo miwani haimrudishii uoni kamili, ingawa miwani myeusi na kofia vinampunguzia maumivu ya jua. Anaweza kupata mtoto wa jicho mapema, konea kuingia ukungu, na presha ya macho, ambayo haina kelele na huiba uoni usiorudi. Presha hiyo ipimwe mara kwa mara maisha yake yote.

Na kwa wale waliopoteza kipande, hata saratani isipokuja, au ikija na kutibiwa, figo zinaweza kuchoka ujanani. Kliniki ikishamaliza habari ya altrasaundi mtoto akifika miaka 7 au 8, jalada lisifungwe. Apimwe presha ya damu na protini kwenye mkojo kila mwaka, na kwenye jalada paandikwe wazi kwamba ni kwa sababu ya WT1, ili daktari atakayemwona akiwa na miaka 18 ajue anatafuta nini.